Miaka Yangu Mbele ya Karai la Madam Fung

Wenzangu wa Hounslow, mliniaga kwa keki. Kwa watu wanaokaanga unga kila alfajiri hilo lilikuwa jambo la ajabu kidogo, lakini keki yenyewe ilikuwa nzuri na nilikula vipande viwili. Baadaye Farida wa kufunga paketi akanishika mkono akaniambia, "Bi Asya, tuandikie basi mlivyokuwa mkifanya zamani, kabla ya mashine." Nimekaa wiki tatu nikitafuta pa kuanzia. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nani alikuwa meneja wa nani. Hayo yamo kwenye mafaili ya ofisi na hayakaangiki. Nitaandika habari za karai, za mtu aliyenifundisha kusimama mbele yake, na za jambo nililomfanyia mtu huyo, ambalo hakuna hata mmoja wenu anayelijua.

Nilianza kazi miaka ya sabini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Mimi na mama tulikuwa na mwaka mmoja na kitu tangu tuingie Uingereza, na tulikaa Thornton Heath, chumba kimoja juu ya duka la viatu. Baba alikwisha kufa. Alichukuliwa baada ya mapinduzi, akarudishwa nyumbani mgonjwa, na hakuinuka tena. Sisi wawili tukapata njia ya kutokea Mombasa. Kaka yangu Suleiman alibaki Unguja na bibi yetu, kwa sababu ruhusa ya kusafiri hakupewa.

Aliyenipeleka kazini ni Bi Maryam, mwanamke wa Kipemba aliyekaa nyumba ya tatu kutoka yetu, ambaye alinitangulia pale kwa mwezi mmoja. Kiwanda chenyewe kilikuwa ndani ya tao la chini ya reli. Kila treni ikipita juu, unga uliokuwa umetulia kwenye mbao za dari ulitumwagikia kichwani, kwa hiyo ukitaka kujua mtu kaingia saa ngapi ulitazama kilemba chake.

Mwenye kiwanda, Madam Fung, alitoka Hong Kong. Alikuwa mfupi, na funguo zake zote alizivaa shingoni kwa utepe. Siku ya kwanza alinishika mikono miwili akainusa.

"Unapaka mafuta ya nywele?"

"Ndiyo, Madam."

"Hapa hapana. Unga unashika harufu. Una ndugu anayefanya kazi kwenye mkahawa wa Kichina?"

"Sina."

"Rafiki?"

"Sina."

Siku ya tatu aliniuliza tena maswali yale yale, kana kwamba huenda nimepata ndugu katikati. Jioni alitupekua mikoba kabla hatujatoka. Alikuwa na hofu kwamba vipimo vyake vya unga vitaibiwa. Sisi tulikuwa na hofu zetu.

Wengi wenu mmekuta mashine, kwa hiyo niwaambie tulichokuwa tukikitengeneza. Ni vipande virefu vya unga, kama kuanzia kiwiko mpaka kiganja, vilivyokaangwa mpaka vikavimba na kuwa vyepesi, ndani mashimo matupu. Wachina huvila asubuhi, moto moto, kwa kuchovya kwenye uji wa mchele au maziwa ya soya, kama sisi tunavyochovya mahamri kwenye chai. Kila kimoja ni vipande viwili vilivyobandikwa pamoja, ndiyo maana Bi Maryam aliviita mapacha, na jina hilo likabaki. Gari la kiwanda liliwapelekea wenye mikahawa ya Soho kabla ya saa nne asubuhi.

Mimi na Bi Maryam hatukuonja hata pacha mmoja kwa miezi minne. Tulishuku mafuta. Madam alisema ni ya mboga, lakini aliposema alitazama pembeni, na mimi mtu akitazama pembeni simsikilizi tena. Bi Maryam akaenda kwenye mapipa ya taka nyuma ya kiwanda kusoma madebe.

"Yameandikwa mboga," akasema aliporudi.

"Nani kayaandika?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Kweli," akasema, na tukaendelea kula mikate yetu ya nyumbani.

Fundi wa karai alikuwa Mzee Lam. Wakati ule alikaribia miaka sitini, mwembamba, kichwa amekinyoa, na alikuwa hasemi. Madam alimwita kwa Kichina, naye akajibu kwa neno moja. Sisi alituamuru kwa kugonga meza kwa kijiti chake cha shaba, chembamba kama sindano ya kufumia. Akigonga mara moja, simama. Mara mbili, geuza. Mara tatu, umeharibu, ondoka.

Nilijifunza kwa macho. Unga ukandwe, ulazwe, ukandwe tena kwa ngumi si kwa vidole, halafu ulazwe muda mrefu mpaka ukiuvuta unakufuata bila kugomba. Ukate vipande, uweke kimoja juu ya kingine, na uvibonyeze katikati mara moja tu kwa kile kijiti. Ukibonyeza sana vinagandana na havivimbi. Ukibonyeza kidogo vinaachana kwenye mafuta, na Madam anakuuliza umevigombanisha wewe? Unashika ncha mbili, unavuta, unatangulizia tumbo kwenye mafuta, ncha baadaye. Kisha unageuza kwa vijiti virefu, geuza, geuza, usipumzike. Vidole vyangu vya kulia mpaka leo havijanyooka sawasawa, daktari anaita jina refu, mimi naita mapacha.

Asichotufundisha ni poda. Kila alfajiri Mzee Lam alichukua mikebe mitatu isiyo na maandishi, akatupa mgongo, akapima, akachanganya na maji, na ndipo akauleta ule mchanganyiko mezani. Siku moja matone yalibaki kwenye bakuli. Nikachovya kidole, nikalamba. Ulimi ukakauka na kujikunja.

"Maryam, hii ni shabu," nikasema. Ilikuwa ile ile shabu baba aliyojipaka kidevuni akimaliza kunyoa.

"Shabu kwenye chakula? Wallahi hawa watu watatuua."

Mzee Lam alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Nilimwona bega lake limetikisika kidogo. Nikadhani anapiga chafya.

Pale jikoni, mimi na Bi Maryam tulizungumza kila kitu. Nani angetusikia? Madam na dereva, mpwa wake, walisema Kichina na Kiingereza. Kwa Waswahili wenzetu wa London ndiko tulikochunga midomo. Miaka ile kwenye harusi mtu usiyemjua akija kukaa karibu, meza nzima ilihamia kwenye habari za hali ya hewa. Ilisemekana wapo wanaopeleka maneno nyumbani, na anayepelekewa anajua bibi yako anakaa wapi. Lakini mbele ya karai tulijiona tuko huru. Ndipo nilipomwambia Bi Maryam kuhusu Suleiman: kwamba amepata cheti cha kwenda Dar kutibiwa macho, macho yake yakiwa mazima kabisa, kwamba ataondoka baada ya Maulidi, kwamba akishafika Dar atapita njia ya Tanga mpaka Mombasa. Nilimwambia na koti nililompelekea kwa msafiri, koti zito la sufu, ili asije akafa kwa baridi siku akifika. Nilisema yote haya si mara moja. Nilikuwa nikiyasema kila asubuhi, kama mtu anayeomba dua.

Sasa sikilizeni lililotokea. Asubuhi moja nilikuwa nakaanga, na kitambaa nilichokitundika karibu na jiko kikashika moto nyuma yangu. Mzee Lam alikuwa upande wa pili wa magunia ya unga, ameinama, haonekani wala haoni. Bi Maryam akapiga ukelele, "Asya, kitambaa kinawaka!" Kabla sijageuka, Mzee Lam alikwisha ruka magunia, na mkononi ana gunia lililoloweshwa maji. Alikipiga kile kitambaa mpaka kikazimika, akarudi alikotoka bila kututazama.

Tulirudi kwenye karai, tukakaanga kama nusu saa.

"Nani aliyemwambia ni kitambaa?" nikauliza mwisho, polepole.

"Kasikia ukelele."

"Mtu akisikia ukelele huja kutazama. Huyu alikuja na gunia lililolowa tayari."

Siku ya pili nikamtega. Viatu vyetu tulikuwa tukiviacha mlangoni na kuvaa mabuti ya mpira. Mzee Lam alipokuwa anataka kuvaa chake cha kulia, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maryam, usishtuke, lakini nimemwona panya akiingia kwenye kiatu cha mzee." Mguu ukasimama hewani. Ukakaa hewani kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Kisha akautia kiatuni bila kukung'uta, akaenda zake.

"Unaona? Hajui," akasema Bi Maryam.

"Asiyejua asingesimama."

Nikamfuata nje. "Mzee," nikamwambia kwa Kiswahili, "wewe unajua Kiswahili?" Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hafahamu ninachosema. Lakini hakuuliza ni lugha gani. Nilipanda basi la kurudi nyumbani na hilo moja likinizunguka kichwani: hakuuliza.

Baada ya hapo tulifunga midomo, lakini tulikuwa tumeshachelewa. Maulidi yalipita. Wiki tatu baadaye msafiri alituletea barua ya bibi, imekunjwa ndani ya paketi ya karafuu. Suleiman alikamatwa bandarini siku ya safari. Hajulikani alipo.

Mama alisoma barua, akaikunja kama ilivyokuwa, akairudisha ndani ya karafuu. Hakulia. Aliacha kula. Nilikuwa nikimpikia uji, nikirudi naukuta umeganda, na yeye amekaa pale pale kitandani, uso kaelekeza dirishani, chini watu wananunua viatu.

Nikafanya hesabu ya walioijua safari ile. Mama. Bibi. Mimi. Bi Maryam, ambaye ndugu zake wawili nao walikuwa ndani, asingeweza. Akabaki mtu mmoja aliyejifanya hajui lugha. Na mtu huyo, nikakumbuka, kila Alhamisi humpa dereva karatasi iliyokunjwa, na dereva huitia mfukoni haraka bila kuisoma. Nilikuwa nimeziona karatasi zile kwa miezi. Sasa nikajua, au nilidhani najua, zinakwenda wapi.

Wakati huo huo Madam Fung alitusimulia kisa cha jina la mapacha, kwa sababu alikuwa katika hali nzuri siku ile. Kwa lugha yao, alisema, jina lake ni mashetani wa kukaangwa. Zamani palikuwa na waziri aliyemsingizia jemadari mwaminifu mpaka akauawa. Watu hawakuwa na uwezo wa kumfanya kitu yule waziri, basi wakafinyanga unga, kipande kimoja yeye na kimoja mke wake, wakawabandika mgongo kwa mgongo na kuwakaanga. Nikasema moyoni kwamba kwetu tungehitaji unga mwingi. Nikamtazama Mzee Lam. Alikuwa anageuza mapacha kwenye mafuta, na uso wake haukusema kitu.

Asubuhi iliyofuata nikaingia ofisini kwa Madam. Niandike sawasawa nilichokifanya, maana ndilo jambo lililonifanya nichukue kalamu. Sikumwambia kwamba namshuku mzee kuwa kachero. Nilijua asingejali, mambo ya Unguja kwake yalikuwa kama mvua ya mji mwingine. Nikachagua lile ambalo angelijali.

"Madam, Mzee Lam anaandika vipimo vya unga na kumpa dereva. Kila Alhamisi. Nafikiri vinakwenda kwa wale washindani wako waliofungua kiwanda Soho."

Nilijua nasema uwongo. Nilikuwa hata nimeurudia njiani ndani ya basi, nikitafuta neno gani lianze.

Madam akashika funguo zake zote kwa mkono mmoja. Hakuniuliza swali. Mwanamke aliyenipekua mkoba mwaka mzima aliniamini kwa sentensi mbili.

Hazikupita dakika kumi, Mzee Lam akatoka ofisini akivua aproni. Aliikunja vizuri, akaiweka mezani, akachukua kijiti chake cha shaba, akakifuta, akakitia mfuko wa ndani. Dereva alisimama kando ya gari, mdomo wazi. Mzee akafika mlangoni, akageuka, akatutazama mimi na Bi Maryam.

"Kwaherini, mabinti," akasema. "Unga wa leo baridi imeuchelewesha, bado haujalala. Msiukate kabla ya saa mbili."

Kiswahili chake kilikuwa cha mjini Unguja, safi, chenye lafudhi ile ile ya baba yangu. Bi Maryam alikaa chini juu ya gunia. Mimi nilijiambia: umeona? Ulisema kweli, anajua. Nilikuwa na furaha, nisiwadanganye. Ilidumu kama mpaka saa mbili.

Bila yeye unga ulikataa. Madam alikuwa na vipimo vya poda, lakini Mzee Lam alikuwa akibadilisha kila siku kwa kugusa ukuta na kunusa hewa: siku ya baridi hivi, siku ya mvua vile. Mapacha wetu walitoka wagumu kama miguu ya meza, au waliachana kwenye mafuta na kuelea mbali mbali. Mikahawa miwili ikatuacha. Madam alinikabidhi karai kwa kuwa nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wote, na nilikuwa nikiingia mapema kuliko wote, nikikanda na kutupa, nikikanda na kutupa.

Miezi tisa ikapita. Ndipo barua ikaja, na mwandiko kwenye bahasha ulikuwa wa Suleiman mwenyewe. Ameachiwa, amefika Mombasa, yuko kwa mjomba. Nilimsomea mama kwa sauti. Nilifika ukurasa wa pili nikanyamaza.

"Soma," akasema mama.

Nikasoma. Kaka yangu aliandika kwa masihara, kama kawaida yake. *Mnataka kujua nani alinichongea? Lile koti lenu. Jua la Unguja linawaka, watu wanavuja jasho kwa fulana, na mimi nimesimama kwenye foleni ya meli na koti la sufu mpaka magotini. Hata mtoto angeniuliza. Wakalipapasa, wakakuta vyeti vya shule nimevishonea ndani ya bitana, kama alivyoniagiza Asya nisije bila vyeti. Mgonjwa wa macho anakwenda hospitali na cheti cha hesabu.*

Mama akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu Maulidi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi. Koti nililinunua mimi. Agizo la vyeti niliandika mimi.

Ilinichukua siku kumi kupata anwani ya Mzee Lam, kwa sababu dereva alinishuku, na alikuwa na haki. Ilikuwa Tooting, juu ya duka la vitambaa vya sari. Nilimwambia mama ninakokwenda na ninachokwenda kusema. Akaniambia, "Nenda. Na usilie mbele yake, usimpe kazi ya kukubembeleza."

Mlango ulifunguka kiasi cha mnyororo.

"Shikamoo, mzee."

Jicho moja likanitazama. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Nani anajua uko hapa?"

"Mama yangu."

"Ndugu yako je?"

Sikutegemea swali lile. "Ametoka, mzee. Yuko Mombasa."

Alifumba jicho. Mnyororo ukabaki pale pale, lakini nilimsikia akivuta pumzi. "Nilikuwa nikimhesabia siku," akasema. "Mlisema baada ya Maulidi. Yalipopita nikawa nasikiliza mseme amefika. Mkanyamaza. Nikajua mambo yameharibika."

Akafungua. Chumba kilikuwa na kiti kimoja, akanipa mimi, yeye akakaa kitandani karibu na mlango. Nikamwuliza kwa nini alituficha.

"Nilizaliwa Malindi, pale pale mjini Unguja," akasema. "Baba yangu alikuwa na tanuri la biskuti, na mimi baada yake. Waliokuja kulichukua duka walinisalimia vizuri sana, kwa Kiswahili. Mmoja alikuwa jirani, wanawe nikiwapa biskuti zilizovunjika. Toka siku ile mtu akinisalimia kwa Kiswahili, kwanza natazama mlango uko wapi. Siku mlipoingia nyinyi jikoni nilifurahi hata nikaogopa. Nikasema, ngoja kwanza nijue ni wa upande gani."

"Ulikuja kujua?"

"Baada ya wiki moja. Lakini hapo ningesemaje? Wiki nzima nimewasikiliza. Mngeniamini?"

Nikamweleza uwongo wangu wote, bila kupunguza. Alinisikiliza akitazama mikono yake.

"Madam aliniambia ni wewe," akasema.

"Kwa nini hukujitetea?"

"Zile karatasi ni barua. Yule kijana ana mama yake kijijini, anataka kumwandikia na hajui kuandika. Anaona haya, hataki shangazi yake ajue. Mimi nikimwandikia. Nijitetee kwa aibu ya mwenzangu?" Akainua macho kunitazama. "Na wewe ungenizushia nini siku ya pili?"

Nikasema nitakwenda kwa Madam nimwambie kweli.

"Nenda. Halafu njoo unieleze alivyokujibu. Ukiniletea maneno ya kutunga nitajua."

Madam Fung alinisikiliza kwa kusimama. "Kwa hiyo kuna Asya mwongo na Asya mkweli," akasema. "Nitajuaje huyu aliyesimama hapa ni yupi?" Akamwita dereva. Kijana akatazama sakafu, masikio yakawa mekundu, akakiri kwa Kichina, maneno machache tu. Sura ya Madam ilibadilika, na si kwa hasira. Alikuwa hajui kwamba mpwa wake hajui kuandika, naye alikuwa anaishi naye nyumba moja.

Hakunifukuza. Nilitegemea anifukuze, na mpaka leo nashuku ni kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumweka kwenye karai. Alinitoa kwenye karai siku ile ile, akanipa madebe ya mafuta niyaoshe. Kisha akachukua koti lake akaenda Tooting mwenyewe.

Mzee Lam alirudi Jumatatu. Hakunisalimia. Alikwenda mezani, akafunua unga, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Huu nani kaukanda?" akauliza kwa Kiswahili, mbele ya wote.

"Mimi, mzee."

"Utupe."

Bi Maryam akacheka peke yake. Niliosha madebe wiki saba. Kwa kweli yalikuwa mafuta ya mboga, sasa ningeweza kuapa, kwani madebe niliyasugua moja moja ndani na nje. Wiki ya nane akagonga meza mara moja, nikajua naitwa.

Alinifundisha poda zote: shabu, magadi, amonia ya biskuti, chumvi mwisho. Hakuna alichoniandikia. Alinitajia kipimo mara moja tu, na nikikosea alinyamaza, akaniacha niharibu gunia zima, ndipo akasema, "Sasa hutasahau." Mengine yaliyofuata wengi wenu mnayajua. Wakaguzi wa afya walitukataza shabu, na tukapoteza karibu mwaka mzima tukitafuta njia nyingine ya kuwavimbisha mapacha. Njia mnayotumia sasa ilipatikana kwa bahati, siku niliyosahau unga kwenye friji. Tao la reli likabomolewa, tukahamia Hounslow, zikaja mashine, na mapacha wakaanza kuliwa na wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa kila kabila. Mashine ni nzuri. Lakini haigusi ukuta. Siku ya mvua msiiamini, guseni unga wenyewe.

Suleiman alifika London mwaka mmoja baada ya barua ile, bila koti. Aliendesha basi mpaka alipostaafu, na watoto wake ukiwasemesha Kiswahili wanakuelewa vizuri na kukujibu Kiingereza.

Limebaki moja, nalo si la kazini. Mzee Lam alipoacha kazi kwa sababu ya magoti, alianza kuja kwetu Thornton Heath siku za Jumapili kumtembelea mama. Walikuwa hawajajuana Unguja, lakini waligundua kwamba mama alikuwa akinunua biskuti dirishani kwake. Wakikaa mchana kutwa wakitaja vichochoro, nani alikaa mlango upi, nani alioa wapi, wakibishana na kuchekana kama watoto. Nilikuwa nikiwasikia kutoka jikoni. Nilijua kwamba wakati mwingine walizungumza na mambo mengine, ya baba, na ya mtu mmoja wa mzee aliyepotea siku zile ambaye sikuwahi kutajiwa jina lake, kwani sauti zilishuka.

Mimi nilifanya naye kazi miaka tisa baada ya kurudi. Alinifundisha kila anachokijua kwa mikono. Nilipougua alikuja hospitali na chungwa. Lakini kila Jumapili, nilipoingia na sinia la chai, alinyamaza katikati ya sentensi, akanitazama, akasema, "Ahsante, binti," na akangoja.

Nami niliweka sinia mezani, nikatoka, nikafunga mlango vizuri ili waendelee.